Kumfundisha Mbwa Mkubwa Kutembea Ubavuni

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa chakula wa shule, Jumamosi ya mkutano wetu wa mwaka)



Nawashukuru kwa heshima ya kusimama mbele yenu katika ukumbi huu, ambamo kwa miaka 6 nilisimama mara nyingi nikiwa na sahani mkononi. Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba juu ya jambo hilo wamo wakubwa zangu humu ndani wanaoweza kusema vizuri zaidi, na kwamba mimi Jumatatu nina kazi ya kurudi. Nikaomba ruhusa nizungumzie mbwa. Alikaa kimya wiki 2, kisha akajibu kwa sentensi moja: "Mradi isizidi nusu saa."

Sikuchagua mbwa kwa mzaha. Leo asubuhi, nilipopita nyuma ya jiko, niliwaona mbwa 3 wamelala kwenye majivu, mahali pale pale walipolala mbwa wa enzi zetu. Nimeambiwa kwamba malalamiko yamefika kwenye Bodi ya Shule, na kwamba mwezi ujao Bodi itaamua kama wauawe. Nami nyumbani kwangu Dodoma ninaye mbwa ambaye naye alikuwa ameandikwa katika orodha ya kupigwa risasi. Kwa hiyo ninachosema si habari ya mapenzi ya wanyama tu. Ni habari ya kazi, na kazi yenyewe ni ndogo sana kuitaja: kumfundisha mbwa mkubwa, aliyekulia mitaani, atembee ubavuni mwa mtu huku akimsikiliza.

Mimi si daktari wa mifugo. Ni afisa mipango, nilisoma uchumi wa kilimo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Niliyoyajua nimeyapata kwa kusoma, kwa kuuliza, na kwa kutembea asubuhi na jioni nikiwa na kamba mkononi.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa mlinzi wa jengo karibu na kwetu. Mnajua jinsi Dodoma ilivyojengwa tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Kila kiwanja kilikuwa na mlinzi wake, na kila mlinzi na mbwa wake. Jengo lilipokwisha mlinzi aliondoka na ndoo yake na redio yake, mbwa akabaki. Akawa analala kwenye kifusi na kukimbiza bodaboda na wanafunzi wa shule ya msingi. Hakumuuma mtu, lakini mtoto anayekimbizwa hana muda wa kuuliza kama ataumwa. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki. Mkutano wa mtaa ukaamua aingizwe katika orodha ya mbwa koko wa kuondolewa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamwambia kwamba nitamchukua. Alinitazama kama mtu anayetazama ombi lisilo na viambatanisho. Akasema nina siku 60. Siku ya 60 mbwa huyo apite njiani mbele ya watu bila kumsumbua mtu, la sivyo orodha itafuata mkondo wake. Nilipomfikisha nyumbani, mke wangu, ambaye ndiye mwenye nyumba, alimtazama mbavu na masikio, akasema, "Tuone." Ndilo jina lake hadi leo.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinikumbusha methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya watu wa pwani, nami siwezi kubishana nao juu ya samaki. Lakini mbwa si samaki. Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani, wataalamu wawili, John Paul Scott na John Fuller, waliwachunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Walionyesha kwamba ziko wiki chache, kuanzia ya 3 hadi kama ya 12 tangu kuzaliwa, ambazo mtoto wa mbwa huzoea kwa urahisi watu, sauti na vitu vya dunia hii. Asichokiona wakati huo huenda akakiogopa maisha yake yote. Hapo methali ina haki yake. Lakini kuzoea ni jambo moja na kujifunza kazi ni jambo jingine. Mlango wa kujifunza haufungwi na umri. Daktari wa mifugo alimtazama Tuone meno akakisia umri wa miaka 4, na kwa mbwa huo ni utu uzima kamili. Hofu zake baadhi nilijua nitazikuta na kuziacha. Miguu yake lakini ningeweza kuifundisha.

Ushahidi wangu niliupata zamani nikiwa mwanafunzi Morogoro. Mwaka 2000 shirika la APOPO lilianza kazi hapo Sokoine ya kuwafundisha panyabuku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panyabuku ni yule yule ambaye katika mikoa fulani hutiwa chunguni. Panya akinusa sawasawa husikia mlio mdogo mkavu, na papo hapo hupewa kidogo cha ndizi au karanga. Akikosea hapewi kitu, wala hapigwi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013 akapelekwa Kambodia mwaka 2016. Kabla ya kustaafu aligundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022. Nilijiambia: kama panya anaweza kupewa kazi ambayo kosa lake moja ni mguu wa mtu, basi mbwa wa kifusini anaweza kufundishwa kupita mbele ya kioski.

Msingi wa mambo haya si mpya. Mwaka 1898 Edward Thorndike, Mmarekani, aliandika jinsi paka aliyefungiwa katika kasha alivyojifunza kufungua kitasa: tendo lililomletea raha lilirudiwa, lisilomletea kitu lilififia. Hata hivyo kwa miaka mingi wafundishaji wa mbwa walifuata njia nyingine. Mwaka 1910 Konrad Most wa Ujerumani alitoa kitabu cha kuwafundisha mbwa kwa kuvuta mkanda kwa nguvu na kwa kuadhibu, na majeshi na polisi wa nchi nyingi walikisoma. Njia hiyo hufanya kazi, sitawadanganya. Humfanya mbwa atembee ubavuni. Lakini humfanya pia ajue kwamba mkono wa mtu ni kitu cha kuogopwa, na mbwa koko alikwisha kulijua hilo kabla sijakutana naye.

Naomba nilieleze hilo kidogo, maana wengi hawalitambui. Mbwa koko wa nchi yetu anajua jambo moja kuliko yote: mtu akiinama, jiwe linakuja. Jaribuni kesho hapo nje. Inama tu kama unayefunga kamba ya kiatu, utaona mbwa aliye umbali wa mita 20 anageuka na kuondoka, mkia kati ya miguu. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokatazana na watoto wangu ni kumwinamia Tuone. Tulisimama wima, au tukachutama kwa upande bila kumkazia macho, tukamwacha aje mwenyewe. Akilamba midomo bila kuona chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza uso hata weupe wa jicho ukaonekana, anasema kwamba amechoka au ameogopa. Hapo somo limekwisha, hata kama saa haijafika.

Kabla ya somo lolote alikwenda kwa daktari. Alichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, akapewa dawa ya minyoo, akaondolewa kupe, akatazamwa nyayo na masikio. Mbwa mwenye kidonda cha unyayo havuti kamba kwa ukaidi, anavuta kwa maumivu. Kisha kwa siku 10 sikumfundisha chochote. Alikula saa zile zile, akalala mahali pale pale, akanusa kila pembe ya ua. Mwenyekiti wa mtaa alipopita siku ya 7 akamkuta amelala, aliuliza kama shule imefungwa.

Vifaa si vingi. Mkanda mpana wa shingoni, laini, unaopitisha vidole 2; mkanda wa kifuani kwa ajili ya njiani, ili akivuta asijikabe koo; na kamba ya kitambaa ya mita 2. Minyororo naikataa. Ni mizito, hupiga kelele, na yule wa kukaba humfundisha mbwa kwamba jirani akitokea shingo inauma, naye huhesabu kuwa ni kosa la jirani. Kamba ya katani nayo hukata mikono. Cha mwisho ni kifuko kiunoni chenye vipande vya moyo wa ng'ombe uliochemshwa, kila kipande kikubwa kama punje ya mahindi. Dagaa wakavu nao wanafaa sana, isipokuwa suruali ya ofisini haisahau. Chakula hicho hupunguzwa katika mlo wake wa siku, si nyongeza.

Somo la kwanza halina mwendo hata kidogo. Nilimfundisha maana ya kidoko. Ninasimama uani, napiga kidoko kwa ulimi, natoa kipande. Kidoko, kipande, kidoko, kipande, mara 10 hivi, basi. Siku ya pili masikio yake yalisimama kila aliposikia kidoko. Sasa nilikuwa na sauti inayosema "hapo hapo!" kwa wakati unaotakiwa. Mbwa hawezi kuunganisha tendo na malipo yaliyochelewa. Sekunde 1 inafaa. Sekunde 5 zikipita anadhani amelipwa kwa jambo jingine alilolifanya baadaye, kama kujikuna. Kidoko hujaza pengo kati ya tendo na mkono unaotafuta kifukoni.

Kisha macho. Nilisimama kimya mpaka aliponiangalia usoni mwenyewe bila kuitwa. Kidoko, kipande. Mara ya kwanza nilingoja dakika 4, na ni dakika ndefu. Siku ya tatu alikuwa ananitazama kama karani anayengoja sahihi. Bila somo hili kutembea ubavuni ni kazi ya kamba tu: mbwa yupo karibu kwa sababu amefungwa. Ninachokitafuta ni mbwa anayeuliza kwa macho, "Sasa tunakwenda wapi?"

Juu ya upande, vitabu vyote husema kushoto. Ni desturi ya askari na wawindaji, waliobeba bunduki mkono wa kulia. Mimi sibebi bunduki. Katika nchi yetu magari hupita kushoto, na mwenda kwa miguu anaambiwa atembee upande wa kulia akitazamana nayo. Ukifuata agizo hilo na mbwa yuko kushoto kwako, umemweka kati yako na lori. Nilimfundisha kulia kwanza, na baadaye tu kushoto kwa ajili ya njia za ndani. Anayetaka mashindano ya Ulaya afuate vitabu. Anayetaka kufika hai barabara ya Iringa afikiri mwenyewe.

Sasa hatua. Nilisimama, yeye akaja kulia kwangu kwa kufuata kipande kilichokuwa mkononi, bega lake likawa sawa na goti langu. Kidoko, na kipande alikipokea hapo hapo, kwenye mshono wa suruali. Mahali pa kutoa chakula ni jambo kubwa kuliko chakula chenyewe, maana mbwa huenda mahali chakula kinapotokea. Ukimlisha mbele yako atatembea mbele yako, tena kwa kukukingama. Ukimlisha mshononi, mshono utakuwa nyumbani kwake. Hatua 1, kidoko, kipande. Kwa siku 2 ilikuwa hatua 1 tu. Kisha 2, kisha 3, kisha 5, na baadaye nikachanganya: 4, 1, 7, 2, ili asiweze kuhesabu. Kila somo dakika 3 mpaka 5, mara 3 au 4 kwa siku: kabla ya kwenda ofisini, nikirudi, na kabla ya taarifa ya habari.

Neno nililitia mwisho, alipokuwa tayari anajua tendo. Nilichagua "Ubavuni". "Njoo" na "twende" yalikwisha kuharibiwa na kila mtu anayeyapiga kelele mtaani bila kuyamaanisha. Neno linasemwa mara 1, kwa sauti ya kawaida. Watu wanaosema "kaa, kaa, kaa, we kaa!" wamemfundisha mbwa kwamba amri ina maneno manne na kelele ya mwisho.

Halafu tukaanza kugeuka. Nikigeuka kushoto inambidi aharakishe kuzunguka. Nikigeuka kulia inambidi apunguze mwendo nisimkanyage. Nikigeuka nyuma ghafla, anayeniangalia anakuja nami na asiyeniangalia anabaki anautazama ukuta. Kugeuka kwa wingi hufundisha usikivu kuliko mwendo wa moja kwa moja. Mwendo wa haraka, mwendo wa maiti, kusimama na kukaa. Watoto wa jirani walikuwa wakikaa juu ya ukuta kutazama, na baada ya wiki moja walikuwa wakigeuka wenyewe nilipopiga kidoko.

Tulipotoka nje ya lango mambo yalibadilika, kama yanavyobadilika kwa kila mwanafunzi anayetoka hapa. Uani alikuwa hodari. Njiani alivuta kama ng'ombe wa jembe. Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta kunalipa: anavuta, na kichaka anachokitaka kinamkaribia. Kwa hiyo sheria ikawa moja: kamba ikikaza, nasimama. Simvuti wala simsemeshi. Ikilegea, tunakwenda. Kutoka langoni hadi mwarobaini wa jirani ni hatua 40, na siku ya kwanza tulitumia dakika 25. Wapita njia waliniuliza kama nimepoteza kitu. Siku ya tatu alivuta zaidi kuliko ya kwanza, na hapo ndipo wengi huacha wakisema njia haifai. Lakini fikirini mtu aliyezoea kufunguliwa mlango kwa hodi moja. Siku asipofunguliwa haondoki mara moja; kwanza hubisha kwa nguvu zaidi. Siku ya sita tulifika kwenye mwarobaini kwa dakika 4.

Kila kitu kina umbali wake. Mbuzi akiwa mita 30, Tuone aliweza kunisikiliza. Akiwa mita 15 hakuwa na masikio. Basi tulifanya kazi kwenye mita 30 mpaka ikawa kazi nyepesi, kisha 25, kisha 20. Bodaboda ilianzia mita 40. Wanafunzi waliovaa sare walianzia mbali zaidi, maana hao ndio waliokuwa kesi yenyewe. Na nilizidisha jambo moja kwa wakati mmoja: nikisogea karibu napunguza hatua, nikizidisha hatua narudi mbali. Malipo nayo si chakula tu. Akitembea ubavuni vizuri mpaka kwenye kichaka, nilisema "Kanuse", akaenda kunusa kwa urefu wote wa kamba. Kwa mbwa kunusa ni gazeti la asubuhi.

Wapo wanaouliza kama atatembea hivyo kwa chakula milele. Kipande kwa kila hatua ni cha mwanzo tu. Baadaye hutolewa kwa kubahatisha, mara baada ya hatua 6, mara 30, na mbwa hufanya kazi kwa bidii zaidi kwa sababu hajui ni lini. Lakini haikatwi kabisa. Sisi watumishi wa umma tunaelewa posho kuchelewa. Ikifutwa, utaona watu ubavuni mwa nani.

Wiki ya 5 kijana mmoja alimrushia jiwe akiwa nami kwenye kamba. Halikumpata sawasawa, liligusa paja. Siku 3 hakutaka kutoka langoni. Tulirudi uani, hatua 1, kidoko, kipande, kama siku ya kwanza, wakati zilikuwa zimebaki siku 24.

Wakati huo huo nilipata mshauri nisiyemtarajia. Kila alfajiri tulikutana na mzee mmoja wa Kondoa akitoka msikitini, naye alisimama pembeni akakusanya kanzu yake mpaka tupite. Siku moja nilimwamkia kwa mbali, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi sina ugomvi na mbwa wako. Ugomvi wangu ni mate yake na kanzu yangu." Wengi wetu tunajua kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa huku kwetu, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara 7, mara moja kwa udongo. Nikamwuliza: kama atapita upande wa pili wangu, pua yake mbele, asikunyooshee shingo? Akanijibu kwamba wanyama waliofundishwa wametajwa katika Kurani yenyewe. Alikuwa anakusudia Surat al-Maida, inayohalalisha mawindo ya wanyama wa kuwinda waliofunzwa. "Basi mfunze," akasema, "nami nitakuja kuona." Nadhani maneno yake kwenye baraza yalimsaidia Tuone kuliko barua yoyote ambayo ningeweza kuiandika.

Siku ya 58 mwenyekiti wa mtaa alitutaka tutembee kutoka nyumbani kwangu hadi ofisini kwake, kama mita 700, wakati wanafunzi wanatoka shule. Mzee wa Kondoa alitembea nasi, kushoto kwangu, na kanzu yake nyeupe. Geti la shule tulilipita tukiwa ng'ambo ya barabara. Watoto walipiga kelele. Tuone alitetemeka mguu mmoja wa nyuma, macho yakiwa usoni kwangu, nami nikalipa kila hatua ya pili bila ubahili. Kwenye kijiwe cha bodaboda dereva mmoja aliangusha funguo akainama kuziokota. Mbwa aliruka nyuma mpaka mwisho wa kamba. Sikumvuta. Nilisimama, kamba ikalegea, akanitazama. "Ubavuni." Alirudi chini chini, tumbo likikaribia vumbi, akaweka bega lake kwenye mshono. Kidoko. Yule dereva, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa akimpiga teke, alisimama wima akingoja tupite, funguo akaziacha chini.

Mwenyekiti hakutoa hotuba. Alifungua daftari lake, akaandika rangi ya mbwa, tarehe ya chanjo na jina langu, na chini yake: "Asitembee bila kamba." Akapiga muhuri. Mimi ni mtu wa mihuri, na sijawahi kufurahia mmoja kiasi hicho.

Msidhani sasa ni mbwa wa sinema. Hajamzoea mtu anayeinama, na sitegemei atamzoea. Anayefagia kwa chelewa tunampita kwa kuvuka barabara. Simpeleki mnadani. Wala simtaki atembee ubavuni safari nzima, kwa maana kuangalia juu muda mrefu huchosha shingo na akili. Ni kwa geti, kijiwe, mzee mwenye kanzu, na kuvuka barabara. Sehemu nyingine atembee apendavyo, kamba ikiwa legevu. Ni sehemu hizo chache tu zilizokuwa kati yake na risasi.

Sasa nije kwa mbwa wa jikoni. Nimeomba nafasi ya kuwaeleza wajumbe wa Bodi, na nitasema hivi. Woga wao ni wa haki. Kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo, na karibu wagonjwa wote huambukizwa na mbwa. Lakini kuua mbwa hakujauondoa ugonjwa huo popote. Walio hai hujaza nafasi, na jikoni wataletwa na mifupa ile ile. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali. Hapa asilimia 70 ya mbwa 3 ni mbwa wote 3. Aidha iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo sisi tulio serikalini hatuna budi kuisoma kabla ya kupiga kura.

Vijana wawili wa kidato cha tatu wameniambia kwamba yule jike mweusi huwafuata mpaka shambani na kuwangoja. Huyo ndiye wa kuanza naye. Daktari wa mifugo wa wilaya amekubali kuja kesho Jumapili, saa 2 asubuhi, nyuma ya jiko, na gharama ya chanjo tumekwisha kuichanga sisi wa mwaka wangu. Mpishi atatoa moyo wa ng'ombe uliochemshwa. Naomba usiliwe na wanadamu usiku huu. Nimeleta mikanda 3 na kamba 3, zitabaki kwa mwalimu wa baiolojia. Wanaotaka kujifunza wajiandikishe kwake, wasizidi 6, maana mbwa mmoja hawezi kuwa na walimu 40 kama ninyi mlivyo na mwalimu mmoja.

Asije mtu na fimbo, wala asiiname. Atakayekwaruzwa au kuumwa, hata kidogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano, asingoje Jumatatu.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa.